Mlango wa Mto Sabaki: nimelipia kuona ndege niliokuwa nikiwapita kila siku

Kwa miaka saba nimepeleka watu Sabaki kuangalia ndege, na mwenyewe sikuwa nimemtazama hata mmoja. Mimi ni dereva wa tuktuk hapa Malindi. Wageni nawachukua hotelini alfajiri, navuka daraja, nakata kulia kwenye njia ya mchanga inayoingia kijijini, mwongozaji anawapokea pale, nao wanashika njia ya kwenda baharini. Mimi naegesha chini ya mwarobaini, nalala. Saa tatu baadaye wanarudi, matope hadi magotini, ngozi imeiva kwa jua, wanaongea wote kwa pamoja kama watu waliotoka harusini. Nilikuwa nahesabu nauli yangu tu na kuwasha injini.

Likizo ya Agosti binti yangu wa gredi ya sita alikuja na kazi ya shule: aandike viumbe vya mahali anapoishi na chakula chao. Akaniuliza, "Baba, wale ndege wa Sabaki wanaitwaje?" Nikamjibu ni ndege wa baharini. Akaandika "ndege wa baharini", kisha akabaki na kalamu mkononi akisubiri niendelee. Jioni hiyo nikampigia simu mmoja wa vijana waongozaji ninaojuana nao, nikamwambia safari hii mteja ni mimi.

Tangu hapo nimeenda mara mbili, Agosti jioni na Novemba asubuhi, mara zote kwa pesa yangu mwenyewe. Haya ninayaandika kwa mtu wa Malindi, Mambrui, Gongoni au Watamu anayedhani kutazama ndege ni kazi ya wazungu. Nilidhani hivyo pia.

Kwanza niseme juu ya mahali, maana tunapapita bila kupajua. Mto huu unatoka nyanda za juu karibu na Nairobi, huko unaitwa Athi. Ukishakutana na mto Tsavo unaitwa Galana. Kwetu unaingia baharini kwa jina la Sabaki. Kwa urefu ni wa pili Kenya, baada ya Tana. Ule wekundu unaotanda baharini wakati wa mvua ni udongo wa bara ulioletwa na maji, na sisi watu wa mjini tunaulaumu, kwa sababu mgeni akiona maji ya rangi ya chai ya maziwa haogelei, na matumbawe ya hifadhi yetu ya baharini yanaumia. Lawama hizo ni za haki. Lakini mwongozaji aliniinamisha pale ukingoni, akachota tope kiganjani, akalipasua kwa kidole. Ndani mlikuwa na minyoo myembamba kama uzi, na kaa mdogo kuliko punje ya mbaazi. Mto unapokutana na bahari maji hupungua kasi, udongo unatua, mafungu yanajengeka, na tope lile linajaa vijidudu. "Hii ndiyo sahani yao, baba," akaniambia. "Wamesafiri kuja kula hapa."

Hakuna lango, hakuna uzio, hakuna tiketi ya serikali. BirdLife International wameliweka eneo hili katika orodha ya maeneo muhimu ya ndege, lakini ukifika utakuta ng'ombe wanalishwa, wavuvi wanavuta nyavu na watoto wanacheza mpira. Kwa hiyo huduma ni mwongozaji mwenyewe. Akiwa mzuri utaona mengi. Akiwa mbaya utatembea juani ukarudi na kiu.

Wangu ni mzuri. Jina silitaji kwa kuwa sikumwomba ruhusa, ila ni kijana wa Kigiriama, amezaliwa kijiji kilekile, na anajua kila fungu lilikuwa wapi mwaka jana na limehamia wapi mwaka huu. Alitupokea kwa "Shikamoo baba", akamsalimia binti yangu kwa kumpa mkono kama mtu mzima, akatuvalisha darubini shingoni. Yangu ilikuwa ya 8x42. Nane ni mara ambazo kitu kinasogezwa karibu, arubaini na mbili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita, na kioo kipana kinakusanya mwanga zaidi asubuhi na jioni. Dakika kumi za mwanzo sikuona chochote isipokuwa mbingu na kope zangu. Akanifundisha jambo ambalo sasa namfundisha kila abiria: usimtafute ndege kwa darubini. Mtafute kwa macho matupu, ukishampata usiyabandue macho kwake, kisha inua darubini uilete mbele ya macho yaliyokwisha kumshika. Nilipofanya hivyo mara ya kwanza, ndege niliyemwona kama kokoto jeupe akawa na jicho, na jicho lilikuwa linanitazama.

Jioni ile ya Agosti zilikuwa siku za bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpevu au mwandamo, maji yanajaa kuelekea saa kumi na moja. Mwongozaji ndiye aliyechagua saa. Maji yakipwa, tope linakuwa pana na ndege wanatawanyika mbali mno. Yakijaa, wanasogezwa hatua kwa hatua hadi wanarundikana juu ya mafungu machache yaliyobaki makavu, na hapo wewe unakaa tu chini, wao wanakuja. Mimi, mtoto wa mvuvi, nikaona aibu kidogo ya heshima: baba yangu alijua maji kwa mwezi, bila karatasi, na mimi nimekuwa nikiwashusha wageni saa yoyote waliyotaka.

Kusi, upepo wa kutoka kusini, ilikuwa inavuma. Juu ya mchanga nyuma ya ukingo walikuwa wamekaa ndege wa rangi ya udongo, mamia, wote wameelekeza uso kwenye upepo ili manyoya yasipeperuke. Nilikuwa nimeshawapita kwa hatua thelathini nikidhani ni mavi ya ng'ombe yaliyokauka. Darubini ikaonyesha mstari mweupe chini ya jicho, mdomo mfupi, mabawa marefu yamekunjwa mgongoni. Hawa ni wageni wa Bukini. Wanazaliana Bukini, yaani Madagaska, na miezi ya kusi wanavuka bahari kuja pwani yetu. Jua lilipoteremka wakaanza kunyanyuka, kumi, hamsini, kisha wote, wakakata angani kama mbayuwayu wakubwa wakidaka wadudu. Tulilala chali mchangani, mimi na mtoto, tukiwatazama juu yetu. Hawakupiga kelele nyingi. Ilikuwa ni mabawa tu na upepo. Wataalamu wanawahesabu kati ya ndege walio hatarini kupotea duniani, na kijana yule alilisema hilo mara moja tu, kwa sauti ya chini, akaendelea kuhesabu.

Anahesabu kweli. Kila safari anaingiza kwenye simu aina na idadi, na hesabu zinakwenda Kenya Bird Map, ramani inayojazwa na watu wa kawaida nchi nzima. Binti yangu alipewa kazi ya kuhesabu shakwe. Alisimamia kazi hiyo kwa ukali.

Kilichonigusa zaidi, hata hivyo, hakikuwa kundi. Tulipokuwa tunarudi, kwenye majani mafupi karibu na ukingo, mwongozaji alisimama akanyoosha mkono nyuma kutuzuia. Ndege mdogo wa kahawia, mwenye michirizi kifuani, alikuwa anatembea, anatembea hasa, mguu mbele ya mguu, bila kurukaruka. Chini ya mdomo wake palikuwa na umanjano. Ukimwona njiani hutageuza kichwa. Jina lake la kisayansi ni Anthus melindae, alipewa mwaka 1900, na hiyo Melindae ni Malindi yetu. Anaishi pwani ya Kenya na kusini mwa Somalia, basi. Kuna watu wanaopanda ndege za abiria kuja hapa kwa ajili yake peke yake. Miaka saba nimewabeba watu hao kwenye kiti changu cha nyuma, na kumbe walikuwa wanakwenda kumtazama mwenyeji wa mji wangu, mwenye jina la mji wangu, anayetembea umbali wa dakika chache kutoka pale ninapolala. Binti yangu alinong'ona, "Kumbe naye ni wa Malindi." Nilishindwa kujibu.

Novemba twende asubuhi, akasema kijana, kwa sababu walioletwa na maleleji, upepo wa kubadilisha majira, wameshafika. Zamani majahazi ya Arabuni yalikuja na kaskazi na kurudi na kusi, na wapo ndege wanaofuata kalenda hiyo hiyo, ingawa wao wanatoka mbali zaidi. Zilikuwa siku za maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, maji yalianza kupanda alfajiri na kuja polepole. Tulifika saa kumi na mbili na nusu.

Hapa naomba nikae kidogo, maana ndipo pesa yangu ilipolipa. Tope lote lilikuwa linatembea. Vitwitwi, hawa wadogo tunaowaona ufuoni wakikimbizana na mawimbi, walikuwa wengi kiasi kwamba mwongozaji aliwahesabu kwa mafungu ya mia. Kuna mmoja mdogo kabisa, ana gramu ishirini na kitu, uzito wa vijiko vitano au sita vya sukari ya chai. Huyo anazaliwa kwenye baridi ya kaskazini kabisa mwa dunia. Mwingine, mwenye mdomo uliopinda kidogo kuelekea chini, anazaliwa Siberia. Vijiko sita vya sukari vimevuka Urusi, Uarabuni na Somalia vikafika Sabaki. Mtoto alipoambiwa hivyo aliishusha darubini, akamtazama yule ndege kwa macho matupu muda mrefu.

Heroe, wale wengi wetu tunawaita flamingo, walikuwa upande wa pili wa maji, wamepindua vichwa wakichuja tope. Wavuvi wanajivunia sana hawa kwa ajili ya picha. Mimi nilivutiwa zaidi na ndege mmoja mweupe na mweusi, mnene wa mdomo, miguu mirefu ya kijivu, ambaye kazi yake ni kaa. Anasimama, anasimama, kisha anakimbia hatua nne na kaa yuko mdomoni. Anazaliana pwani za upande wa Uarabuni, na tofauti na jamaa zake anachimba shimo mchangani na kutaga yai ndani, joto la mchanga linamsaidia kulitamia. Membe walikuwa wamejipanga kwenye ncha ya fungu: wenye mdomo wa rangi ya chungwa ni wadogo, wenye mdomo wa manjano ni wakubwa zaidi. Kwazi, yule tai mla samaki, aliita mara mbili kutoka kwenye mikoko. Na katikati ya mto, macho mawili na masikio mawili: kiboko. Ndiyo sababu nasema usiende peke yako. Kijana alijua tangu nyumbani wamelala wapi, na alitupitisha njia ndefu.

Alitupanga pia mstari mmoja, kila mtu akanyage alipokanyaga mwenzake, kwa sababu kuna ndege mdogo mwenye paji jeupe anayetaga mayai mchangani bila kiota chochote, na akiondoka anayafunika kwa mchanga. Mguu wako hauwezi kujua. Mayai hatukuyaona, na sikuomba kuonyeshwa.

Sasa jambo linaloniuma. Saa mbili hivi lilikuja kundi jingine, na aliyekuwa akiliongoza, ambaye simtaji wala sitaki kumtaja, aliwasogeza wageni wake hadi ukingoni mwa fungu, akapiga makofi. Wote waliruka. Tope lote lilinyanyuka likawa wingu, na wageni wakapiga picha zao wakishangilia. Ni kweli ni mandhari nzuri. Mwongozaji wetu aliweka mkono kichwani. Alitueleza baadaye, bila kumtukana mwenzake: ndege huyu amekuja akiwa ngozi na mifupa, anakula ili apate mafuta ya kukaa na mafuta ya kurudi. Kila anaporushwa anachoma aliyoyala na anapoteza saa za kula, na saa za kula anapangiwa na maji, hawezi kuongeza. Maji yakishafunika tope, sahani imeondolewa. Akirushwa mara tano kwa asubuhi moja, kila siku, hesabu haitoshi.

Mimi nimewabeba wageni wa namna hiyo. Nimeonyeshwa picha hizo kwenye simu zao na nimesema "nzuri sana". Kuanzia Novemba, mgeni akinikodi kwa safari ya Sabaki namwambia kabla hatujaondoka kwamba ndege hawarushwi, na mwongozaji wa makofi simpelekei mtu. Nimepoteza safari mbili kwa hilo. Sawa.

Kuhusu bei, Agosti nililipa shilingi 600 na mtoto 200. Novemba tulipatana 1,000 kwa sisi wawili, nikatuma kwa M-Pesa. Mgeni wa nje anatozwa zaidi, na kijana anasema hivyo wazi. Naona ni haki. Kosa ni kwamba bei haijaandikwa popote, kwa hiyo patana kabla hujavua viatu. Darubini zilikuwa mbili, na moja ina ukungu ndani ya kioo, kila kitu unakiona kana kwamba kuna moshi. Mkiwa watatu mtapokezana, na ndege hasubiri zamu. Choo hakuna. Kivuli hakuna kabisa ukishapita mikoko, na kuanzia saa tatu joto linatetemesha hewa juu ya mchanga hivi kwamba hata darubini nzuri inaonyesha ndege anayeyeyuka. Nenda mapema, beba maji lita moja kwa kila mtu, kofia, na viatu ambavyo huvipendi. Sisi tulibeba mahamri na mbaazi kwenye kopo, tukala juu ya gogo tukitazama heroe, na sijala kiamsha kinywa kitamu kama kile mwaka huu.

Lalamiko langu kubwa ni la lugha. Kijana anajua majina yote kwa Kiingereza, na mengi kwa Kigiriama. Kwa Kiswahili alikuwa na machache. Binti yangu anaandika kazi yake kwa Kiswahili, na kila alipouliza "kwa Kiswahili?", tulitazamana. Shakwe alimjua, heroe pia. Membe na vitwitwi nilivitoa mimi, kutoka kwa baba, aliyekuwa akisema membe wakipiga mbizi mahali pamoja ujue hapo pana samaki. Kijana alinisimamisha, akatoa daftari mfukoni, akayaandika na kuniomba nirudie matamshi. Sijawahi kuona mtu akiandika maneno ya baba yangu. Lakini yule mla kaa tulimwita mla kaa, na wageni wa Bukini tukawaita hivyo hivyo, na yule wa Malindi hana jina katika lugha ya Malindi tunalolijua sisi watatu.

Sasa daftari la mtoto lina safu tatu, Kiswahili, Kigiriama, Kiingereza. Kazi ya shule ilishasahihishwa zamani, yeye bado anajaza. Safu ya Kiswahili ina nafasi kumi na moja tupu. Yupo mzee mmoja wa Mambrui, mvuvi tangu ujana, ambaye alimsikia mtoto akiniuliza maswali kwenye tuktuk akasema baadhi anawajua, ila mpaka awaone. Tumekubaliana Januari, bamvua ya mwezi mpevu, alasiri maji yakijaa. Nauli yake ni juu yangu, na nimemwambia kijana alete ile darubini isiyo na ukungu.